Magoti ya Shangazi

"Kabla hamjammiminia chai huyu bwana, mwulizeni alikuwa wapi kabla hajawa fundi makochi."

Shangazi alisema hayo akiwa amesimama katikati ya sebule, na viti vimejaa tele. Hilo peke yake liliwashtua watu, maana Shangazi hakuwa mtu wa kusimama hovyo. Magoti yake yalijulikana mtaa mzima. Akikaa anayalalamikia, akiinuka anayalaumu, mpaka majirani wengine walikuwa wakiyajulia hali magoti kwanza, yeye baadaye.

Fundi Makochi alikuwa amekuja kujitambulisha nyumbani kwa kina Nesi, mchumba wake. Kanyoa, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, kakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Baba Nesi alishusha gazeti. Mama Nesi alibaki na birika hewani.

"Kwani alikuwa wapi, wifi?"

"Jela."

Birika likashuka taratibu mezani. Wote wakamgeukia mgeni.

"Ni kweli, mama," Fundi akasema. "Nilifungwa, nikamaliza kifungo changu."

"Ulisingiziwa?" Mama akauliza kwa matumaini, kama anayemrushia kamba mtu aliyetumbukia kisimani.

"Hapana, mama. Niliiba. Tulivunja ghala la matairi, na mimi ndiye niliyeshika tochi."

Sasa, ukiingia gereza lolote leo utakuta wote wamesingiziwa, kuanzia wa mlangoni mpaka wa jikoni. Huyu alirushiwa kamba akaikata kwa meno yake mwenyewe.

Shangazi akamgeukia Nesi. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, shangazi. Aliniambia hilo kwanza. Mapenzi yalikuja baadaye."

"Na ukabaki?"

"Nikabaki."

"Basi nisikilizeni vizuri. Mfungwa haingii ukoo huu mimi nikiwa hai. Siku nikifa, leteni hata gereza zima na askari wake."

Nyumba ile neno la Shangazi lilikuwa zito. Kwanza ni dada mkubwa wa Baba. Pili, ndiye aliyemlea Nesi tangu akitambaa. Tatu, alikuwa amewahi kufanya kazi ng'ambo, akarudi na blanketi la manyoya akampa wifi yake, na tangu siku hiyo kila alilosema lilionekana kama lina muhuri wa forodha.

Baba akakohoa. Akasema haraka haina baraka, ukoo ukae Jumapili inayofuata, na litakaloamuliwa ndilo. Fundi akaaga bila kuonja chai.

Nesi alimsindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo mgogoro wenyewe ulipokuwa: binti alishamwahidi baba yake kwamba hataondoka nyumbani kwa kuruka dirisha. Ataolewa kwa mlango wa mbele, wote wakiwa wameridhia, au haolewi. Na sasa mlangoni alikuwa amesimama Shangazi.

Nesi na Fundi walikuwa wamekutana kwenye zahanati aliyokuwa akifanya kazi Nesi. Mabenchi ya wagonjwa yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba mtu akija na homa alirudi na homa na michubuko, ndipo akaitwa fundi ayavishe sponji na ngozi mpya. Nesi alimpelekea maji ya kunywa. Yeye, badala ya kusema asante kama watu, akasema ufundi ule alijifunzia jela. Nesi akamwuliza kama ataiba tena. Akajibu hapana. Nesi akamwambia basi anywe maji, glasi inahitajika.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na ningekuwa naongopa ningeweka mvua na mwavuli.

Tatizo ni kwamba Fundi alikuwa ametoka jela, lakini jela haikuwa imetoka midomoni mwa watu. Mwenye nyumba wake wa kwanza alimpenda sana, mpaka siku aliposikia. Akakumbuka ghafla kwamba kuna mpwa wake anakuja kukaa chumba kile, mpwa ambaye mpaka leo hajazaliwa. Kiwanda cha samani kilimsifu kazi kwa siku nzima, kikamwuliza habari za nyuma, kikasema kitampigia simu. Mtaani, mtu akipoteza sindano, macho yalianza kwa Fundi ndipo yaende kwenye kikapu cha nguo. Kuna kuku alipotea, wakaja wazee watatu kuzungumza na Fundi kwa upole wa kutisha. Kuku akarudi mwenyewe na vifaranga nyuma. Hakuna aliyekuja kuomba radhi, ingawa kuku alionekana kuona haya kidogo.

Kwa hiyo Nesi hakuwa mchumba tu. Alikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa na mtu anayejua nani anabisha.

Katikati ya wiki, kochi kubwa la sebuleni kwa kina Nesi likavunjika mjomba wake Nesi akiwa juu yake. Baba akampigia Fundi simu aje kulitengeneza. Mama aliponuna, Baba akasema kochi halijui sheria, linajua misumari.

Siku aliyokuja ndiyo siku ambayo ndugu walikuwa wamekusanyika kumpongeza Baba kwa kustaafu. Fundi hakualikwa, alikuja kazini. Alikuwa barazani, kochi kalipindua miguu juu, misumari midogo mdomoni. Uani watu walikuwa wakipangwa kwa ajili ya picha, na mpiga picha alikuwa mzee mmoja wa sauti kubwa aliyewahi kufundisha michezo shuleni. Ukoo haukuenea kwenye kamera yake. Akausogeza huku, akausogeza kule, ukoo ukazidi kunenepa. Mwishowe akakasirika, akapiga makofi mawili.

"Mstari wa mbele, chini! Wawili wawili, tuhesabu!"

Mama na mashangazi wengine wakaanza kunung'unika habari za migongo na nguo za kubana. Lakini Shangazi, yule ambaye kukaa kwake ni kama lori linaloegeshwa penye mtelemko, alishuka mara moja kama ndoo iliyokatikiwa kamba. Akachuchumaa mgongo wima, mikono juu ya magoti, kichwa kimeinama, macho yanatazama visigino vya mtu wa mbele, na mbele hapakuwa na mtu. Akasema kwa sauti ndogo:

"Moja."

"Mbili," ikajibu sauti kutoka barazani.

Alikuwa Fundi. Amechuchumaa vilevile, mikono vilevile, misumari bado iko mdomoni.

Ndivyo wafungwa wanavyohesabiwa kule ndani kila jioni: makofi, amri, wawili wawili chini, kila mmoja anataja namba yake. Anayechelewa kushuka husaidiwa na fimbo. Akili inaweza kusahau, lakini mwili ukishafundishwa hivyo haungoji kushauriana na akili.

Watu wakacheka. Mama akasema kumbe magoti ya wifi yamepona, Mungu mkubwa. Shangazi hakucheka. Aligeuza kichwa polepole, akamwona Fundi kule barazani naye anainuka akijipangusa. Macho yao yakakutana. Katika ile picha, mpaka leo, watu wote wanatazama kamera isipokuwa Shangazi, anayetazama pembeni kama aliyeitwa na mdai.

Jioni simu ya Fundi ikalia.

"Shikamoo, shangazi."

Shikamoo haikupokelewa. "Umeona nini leo?"

"Nimeona shangazi mwenye magoti mazuri."

"Usinitanie, mimi si rika lako."

"Basi sijaona kitu."

Shangazi akashusha sauti.

"Kesho asubuhi utakuwepo karakana?"

"Nitakuwepo."

Alikuja amejifunika mtandio mpaka puani na miwani myeusi mikubwa, ili asitambulike, na kwa sababu hiyo kila aliyekuwa njiani akamtambua. Karakana ilinuka gundi na vumbi la mbao. Fundi akampa kiti pekee kilichokuwa kizima. Shangazi akakaa, akavua miwani, akaanza kusimulia bila kuulizwa.

Hakwenda ng'ambo. Alimkuta mumewe na mwanamke mwingine, mkononi alikuwa na mchi wa kutwangia, na mchi ukafanya haraka kuliko kichwa. Mkono wa yule mwanamke ukavunjika. Mahakama ikamfunga. Mume akaenda zake na mwenye mkono uliovunjika. Hadithi ya ng'ambo aliitunga mdogo wake, yaani Baba Nesi, aliyekuwa akimtembelea gerezani kila mwezi huku nyumbani akisema anakwenda posta kupokea barua za dada. Alimwapia dada yake kwamba siri ile atakwenda nayo kaburini. Ndiyo maana siku ile sebuleni alikohoa tu.

"Sikukukataa kwa sababu ya matairi," Shangazi akasema. "Nilikuogopa. Watu waliolala kule hujuana. Nikasema huyu akiingia nyumba hii, siku moja ataniona."

"Na nimekuona."

"Basi sema unachotaka."

"Namtaka Nesi."

"Vizuri. Jumapili nitasema ndiyo, na wewe utafunga mdomo."

Fundi akaweka nyundo chini. "Mdomo nitaufunga bure, shangazi. Lakini ndiyo ya namna hiyo siitaki."

"Ndiyo ni ndiyo. Ina rangi?"

"Nilishaingia kwa mlango wa nyuma mara moja maishani, nikaona ulikonifikisha. Mke sitampata kwa mlango huo."

"Na nikisema hapana?"

"Utakuwa umesema hapana. Na mimi nitakuwa sijaona kitu."

Shangazi akainuka. Safari hii magoti yalimwuma kwelikweli. Mlangoni akageuka.

"Ungenitisha ningelala usingizi. Sasa umeniharibia usiku wote."

Alitembea huku analia, miwani kaisahau mkononi, na kabla hajafika nyumbani habari ilikuwa imefika na kukaa.

Saa chache baadaye Fundi akapata ujumbe wa Nesi: "Shangazi hali wala haongei. Watu wamemwona akitoka karakana kwako analia. Kuna nini?"

Akajibu: "Mwulize yeye."

"Nimemwuliza kanifungia mlango. Nakuuliza wewe."

Alipochelewa kujibu, Nesi akapiga.

"Tuliambiana hatufichani."

"Changu chochote uliza, nitakueleza mpaka uchoke. Hiki si changu."

"Kwa hiyo kipo."

"Kipo."

"Unajua wanasemaje hapa nyumbani? Wanasema umemtisha mama wa watu. Mjomba anasema mfungwa hatoki jela, anabadilisha chumba tu."

"Wewe unasemaje?"

Nesi alijibu kwa sauti ile anayoitumia kwa wagonjwa wanaokataa sindano.

"Mimi nasema hivi. Jumapili nitakuuliza mbele ya wote. Usiponijibu, hata Shangazi akikubali, mimi nitakataa."

Simu ikakatika. Fundi akarudi kwenye kazi yake, akavalisha kiti kizima kitambaa nje-ndani, akakipiga misumari yote, ndipo akaona. Akaanza kung'oa msumari mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu atoke, alitamani kuwa bado ndani, ambako mtu hapotezi kitu kwa sababu hana.

Jumapili sebule ilijaa. Kochi lilikuwa limepona na mjomba alikuwa amelikalia kwa mashaka. Shangazi alikaa pembeni, macho yamevimba. Baba akafungua kikao kwa maneno machache, lakini kabla hajampa yeyote zamu, Nesi akasimama.

"Baba, niwie radhi. Nina swali moja kwa huyu." Akamtazama Fundi usoni. "Shangazi alifuata nini karakana kwako?"

Mjomba akasogea mbele. Mama akashika kifua. Fundi alimtazama Nesi, na kila mtu aliyekuwa pale aliona kwamba jibu analo, limefika mpaka kwenye meno.

"Siwezi kusema," akajibu.

"Mnaona," mjomba akasema.

"Siwezi au hutaki?" Nesi akauliza.

"Vyote viwili."

Nesi akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hakuyafuta. "Basi," akasema. "Basi tena."

Fundi akainuka. Akamshukuru Baba kwa kumpa kazi ya kochi pale ambapo wengine walimnyima hata kiti. Akamwomba Mama radhi kwa usumbufu. Kwa Nesi aliinamisha kichwa, akaelekea mlangoni.

"Rudi ukae, wewe," Shangazi akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini hata saa ya ukutani ilionekana kupunguza mwendo.

"Swali ni langu, nitalijibu mimi. Nilikwenda kumwomba anifichie siri. Sikwenda ng'ambo. Nilikuwa nimefungwa."

Mjomba akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Shangazi akasema yote. Mume, mchi, mkono, hukumu. Akaeleza kuhusu picha, na jinsi huyu fundi alivyomwona akichuchumaa. Akaeleza biashara aliyompelekea karakana na jinsi ilivyokataliwa.

"Shingo yangu niliiweka mwenyewe mezani kwake, na kisu nikamshikisha. Akakikunja akanirudishia. Leo kakubali kumpoteza binti kuliko kunitaja, na mimi ndiye niliyemtukana humu humu mbele yenu. Sasa niambieni mnataka mkwe wa aina gani tena."

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Nesi, na hakumgeukia wifi yake. Alimgeukia mumewe.

"Na lile blanketi?"

Baba akatazama kucha zake. "La mtumba, mke wangu. Nilinunua sokoni. Nililifua mwenyewe lisije likanuka."

"Nimewaambia majirani miaka yote hii kwamba limepanda ndege."

"Huenda lilipanda, kabla halijafika sokoni."

Mama alijitahidi kukasirika. Alijitahidi kweli, akabana midomo, akatazama dari, lakini mabega yalianza kutikisika, na kicheko kilipomtoka kilimchukua na wifi yake. Wakakumbatiana wakicheka na kulia, usijue kipi kinaanzia wapi. Shangazi akasema tangu atoke hajawahi kuvuta pumzi mpaka chini kabisa, ndiyo kwanza leo.

Nesi alikuwa bado amesimama. Akamwendea Fundi pale mlangoni.

"Ungeniacha hivihivi?"

"Ungenichukia mimi peke yangu. Yeye angechukiwa na mtaa mzima. Mimi nimeshazoea, yeye bado."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Na nilikuwa nimekufungashia maneno mabaya sana ya njiani."

"Niwekee. Ndoa ni ndefu."

Nesi akacheka huku anafuta pua kwa kiganja, akageuka. "Baba, mimi nimeridhia."

Mjomba akauliza, kwa heshima zote, watu watasema nini sasa, wafungwa wawili nyumba moja. Shangazi akamjibu kwamba watu wanasema hata pasipo na cha kusema, angalau safari hii wapewe kitu cha kueleweka. Baba akakunja gazeti, akasema mkwe amesimama mlangoni kama mtoza kodi, aletewe chai.

Akaletewa. Akainywa yote, ya moto, bila kupuliza.

Harusi ilifanyika mchana kwenye ukumbi wa shule. Habari za Shangazi zilikuwa zimeshazunguka mtaa na kurudi zimenenepa. Kwa wakati huo yule mwanamke alikuwa amevunjwa mikono yote na mchi umekuwa shoka. Watu walikuja kwa wingi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa macho. Yule mwenye nyumba wa kwanza alikuja pia, bila mpwa.

Meza ya nyuma walikaa wanawake wanne wa mtaani, mikoba wameikumbatia vifuani kama watoto wa kunyonya. Muziki ulipoanza hakuna hata mmoja aliyeinuka. Mmoja alinong'ona, kwa ule mnong'ono unaofika mpaka jikoni, kwamba yeye kucheza angecheza, lakini ukumbi ambao bwana harusi mwenyewe ni yule, mtu anauacha wapi mkoba?

Nesi alisikia. Fundi alisikia. Akatazama viatu vyake vipya.

Shangazi naye alisikia. Akainuka, akapita katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya bwana harusi. Akavua mkoba begani.

"Mkwe, nishikie huu. Kila nilicho nacho kimo humu na zipu yake imeharibika. Mimi naenda kucheza."

Fundi akaupokea kwa mikono miwili, kama anayekabidhiwa mtoto. Mama Nesi akaja nyuma yake, akaweka wa kwake. Akafuata dada mmoja wa zahanati, mwenzake Nesi kazini. Shangazi kule katikati alikuwa anazunguka kama pia, mikono juu, na muziki ulikuwa mtamu kwa makusudi. Meza ya nyuma walivumilia wimbo mmoja. Walivumilia wa pili kwa taabu, miguu ikiwasaliti chini ya meza. Wa tatu ulipoanza, yule mwenye mnong'ono akainuka, akaja mpaka mbele, akasimama hajui aanzie wapi.

"Baba," akasema, "na wangu, tafadhali. Unanizuia kucheza."

"Weka tu, mama."

Wenzake wakaja mbio nyuma yake. Haikupita muda mikoba ilijaa mapajani, ikapanda kifuani, ikamfika Fundi kidevuni, mpaka wageni waliochelewa wakawa wanauliza bwana harusi yuko wapi, wanaonyeshwa mlima wa mikoba wenye macho mawili juu. Hakucheza hata wimbo mmoja. Asingeweza hata kujikuna.

Nesi akamwinamia sikioni.

"Unalia?"

"Hapana," Fundi akasema. "Mikoba mizito."